Ukimwalika mtu kwa hiari kwenye kikao, mwambie ni hiari ya nini

Kazi yangu ni kusimamia mifumo ya barua pepe na kalenda za ofisini. Katika mambo yote yanayohusu mialiko ya vikao, swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Nimewekwa hiari. Sasa niende au nisiende?" Anayeuliza ameshapokea mwaliko, ameiona alama ya hiari (optional) ubavuni mwa jina lake, na bado hajui la kufanya. Linanikera swali hilo, na si kwa sababu ya muulizaji. Alama hiyo iliwekwa kwenye kalenda ili impunguzie mtu mzigo, lakini jinsi tunavyoitumia, inamwongezea.

Chanzo cha tatizo kinaonekana ukiufungua mwaliko wenyewe ulivyoandikwa ndani. Mialiko ya kalenda, iwe imetoka Outlook, Google Calendar au kwingineko, husafiri kati ya mifumo kwa muundo mmoja unaoitwa iCalendar. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1998, na linalotumika sasa, lililoandikwa kwenye waraka wa viwango uitwao RFC 5545, lilitoka mwaka 2009. Ndani ya faili kila mwalikwa ana mstari wake, na mstari wa mwalikwa wa hiari huonekana takriban hivi:

ATTENDEE;ROLE=OPT-PARTICIPANT;PARTSTAT=NEEDS-ACTION;RSVP=TRUE:mailto:mhasibu@example.com

Tazama vipande vitatu vya katikati. Kipande cha ROLE ndicho kinachobeba hiari. Kinachofuata kinasema kwamba mtu huyu bado hajajibu na anatakiwa achukue hatua. Cha mwisho kinaomba jibu lake. Sasa ulinganishe na mstari wa mwalikwa wa lazima: PARTSTAT ni ileile, RSVP ni ileile. Kilichobadilika ni kipande kimoja tu. Kwa hiyo mwalikwa wa hiari anapata taarifa ileile, anadaiwa jibu lilelile, na nafasi kwenye kalenda yake inashikwa vilevile. Hakuna mahali popote kwenye mstari huo palipoandikwa kwa nini ameitwa, wala kitakachotokea asipokuja. Mashine haijui, na haiwezi kumwambia.

Kuna jambo jingine kwenye muundo huo ambalo watu wengi hawalijui. Usipotaja nafasi ya mwalikwa, mfumo unamhesabu kuwa wa lazima. Ndivyo kanuni ilivyoandikwa. Maana yake, mwandalizi mwenye haraka anayemwaga majina kumi na mawili kwenye mwaliko na kubonyeza kutuma amewalazimisha wote kumi na wawili, ingawa moyoni alikuwa anawahitaji wanne. Hakuna aliyeamua wawe wa lazima. Imetokea hivyo kwa sababu hakuna aliyeamua chochote.

Alama inapofanya kazi kweli

Kuna mahali pamoja ambapo alama ya hiari ina nguvu kubwa, nako ni kwenye kutafuta muda. Naona huko ndiko inakotumika kidogo kuliko inavyostahili.

Chukua kikao cha kupitisha bajeti ya mradi. Kuna watu watatu ambao bila wao hakuna uamuzi: msimamizi wa mradi, mwenye fungu la fedha, na mtu wa ununuzi. Kuna wengine watano wenye jambo la kuchangia. Ukiwaweka wote wanane kuwa wa lazima kisha ukaanza kutafuta saa ambayo wote wako huru, utajikuta wiki ya tatu mbele, tena jioni. Ukiwaweka watatu kuwa lazima na watano hiari, nafasi huenda ikapatikana kesho asubuhi.

Kwenye ukurasa wa kupanga ratiba wa Outlook, kila mwalikwa ana mstari wake wenye vipande vya muda alivyobanwa, na aikoni iliyo mbele ya jina inaonyesha kama ni wa lazima au wa hiari. Outlook ya kompyuta ya toleo la zamani (classic) ina chombo cha kujichagulia muda ambacho unaweza kukiambia kiwaangalie watu wa lazima peke yao. Lakini chombo hicho hakina msaada kama hujawatenga watu mapema. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio: amua kwanza nani ni lazima na nani ni hiari, halafu ndipo utafute saa. Wengi hufanya kinyume. Wanahangaika kupata saa inayowafaa wote, na wakishaipata ndipo wanawageuza baadhi kuwa wa hiari kwa heshima. Wakati huo faida yote ya alama imeshapotea.

Kuiweka si kazi. Kwenye Outlook kuna mistari miwili ya majina, mmoja wa lazima na mmoja wa hiari, na ikiwa wa pili umefichwa unaubonyeza ili ujitokeze. Kwenye Google Calendar unamwongeza mgeni kwanza, kisha unapeleka kishale juu ya jina lake na kubonyeza kialama chenye umbo la mtu. Ugumu huja kwenye makundi. Ukialika anwani ya kundi zima, wanakundi wote wanakuwa wa lazima au wote wa hiari. Outlook ina alama ya kujumlisha mbele ya jina la kundi inayolipanua likawa majina ya mtu mmojammoja, na hapo unaweza kuwatenganisha. Ukishalipanua halirudi tena kuwa kundi ndani ya mwaliko huo, na atakayejiunga na kundi wiki ijayo hataupata mwaliko. Lipanue pale tu unapohitaji.

Hiari si kwa taarifa

Outlook huwachukulia waalikwa wa lazima kama wale wanaoandikiwa barua moja kwa moja, na wa hiari kama wanaopewa nakala. Mtu akijibu mwaliko kwa wote, utaona majina ya wa hiari yamekaa kwenye mstari wa nakala. Sasa fikiria mazoea ya ofisini. Anayewekwa kwenye nakala anajua amewekwa kwa taarifa, asome akipata wasaa, asihangaike kujibu. Akiuona mwaliko wa hiari anausoma kwa macho yaleyale na kuupita. Mwandalizi naye anabaki anasubiri mchango wake.

Haya ni mambo mawili tofauti kabisa. Mtu wa taarifa hana la kufanya ndani ya kikao, anachohitaji ni matokeo. Mtu wa hiari ana jambo la kuamua yeye mwenyewe: je, kuwepo kwangu kutaongeza kitu? Waandishi wa iCalendar walilitambua hili, wakaweka nafasi nyingine, NON-PARTICIPANT, kwa ajili ya anayenakiliwa kwa taarifa peke yake. Tatizo ni kwamba madirisha ya kualika ya Outlook na Google Calendar hayana mahali pa kuichagua, kwa hiyo watu wa taarifa wanasukumiwa kwenye hiari. Ushauri wangu ni usiwaalike. Andika majina yao pembeni na uwatumie muhtasari wa kikao siku hiyohiyo. Watakushukuru zaidi kwa ukurasa mmoja uliofika kwa wakati kuliko kwa saa nzima ya kukaa kimya wamezima maikrofoni.

Kwa hiyo, kabla sijamweka mtu mahali popote, najiuliza: asipokuja, nitaahirisha? Nikijibu ndiyo, ni wa lazima, awe mkubwa au mdogo, na yeye ni sehemu ya akidi. Nikijibu hapana, najiuliza tena kama kuna kipengele ambacho akikisikia anaweza kubadilisha uamuzi. Kikiwepo, ni wa hiari. Kisipokuwepo, anapata muhtasari.

Vyeo ndivyo vinavyovuruga hesabu hii. Mkurugenzi anawekwa lazima ili asije akaona amedharauliwa, na kikao kinasubiri ratiba yake wiki mbili ingawa uamuzi si wake. Au kinyume chake, anawekwa hiari kwa adabu, wakati saini yake ndiyo inayosubiriwa, asitokee, na watu wakutane bure. Heshima ina mahali pake, nako ni kwenye maneno ya mwaliko. Safu ya lazima na hiari iachwe iseme ukweli kuhusu kazi.

Ugumu wa upande wa pili ni pale mkubwa anapomwalika mdogo wake kwa hiari. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa, lakini mfanyakazi mpya anayeona mwaliko wa hiari kutoka kwa bosi wake haoni hiari yoyote pale. Anaona mtihani. Atakuja hata kama ana kazi ya kumaliza, na atakaa kwenye kona akijiuliza ametakiwa aseme nini. Mwingine ataisoma alama hiyohiyo kuwa hatakiwi, na ataumia kimyakimya. Wote wawili wamejazia pengo ambalo mwandalizi aliliacha wazi.

Maneno yanayojaza pengo

"Karibu ukipata nafasi" haisemi kitu. Kila mtu anaweza kupata nafasi, akiacha jambo jingine. Anachotaka kujua mwalikwa ni kama inafaa aliache. Mwandalizi anadaiwa mambo mawili: sehemu gani ya kikao inamhusu, na nini kitaendelea bila yeye. Kwa mhasibu, mmoja wa wale watano wa hiari kwenye kikao chetu cha bajeti, ningeandika hivi, chini kabisa ya ajenda:

"Habari za kazi. Nimekuweka hiari kwa sababu ya kipengele cha 3, malipo ya wakandarasi, kitakachoanza saa 4:20 asubuhi na kuchukua robo saa. Unaweza kuingia kwa kipengele hicho na kutoka. Usipoweza, tutatumia hesabu ulizotuma Jumatatu kama zilivyo, na uamuzi utaupata kwenye muhtasari jioni. Ukiwa na pingamizi juu ya hesabu hizo, naomba unitumie kabla ya kikao."

Mhasibu akisoma hayo anajua la kufanya ndani ya nusu dakika. Kama hesabu za Jumatatu ziko sawa, anakataa mwaliko kwa amani. Kama kuna takwimu iliyobadilika tangu hapo, anajua kwamba asipofika uamuzi utapita juu ya takwimu mbovu. Hiari yake imekuwa ya kweli, kwa sababu ana cha kuipimia.

Kumbuka tu kwamba maelezo ya mwaliko yanasomwa na waalikwa wote. Ukiwa na la kumwambia mmoja ambalo wengine hawapaswi kulisoma, mwandikie pembeni. Usijaribu pia kuandika hiari kwenye kichwa cha mwaliko, maana kichwa ni kimoja kwa wote, na wale watatu wa lazima nao watajiona wamesamehewa. Ila elewa kwa nini watu wanashawishika kufanya hivyo: alama yenyewe imejificha kwenye orodha ya waalikwa, na mtu anayeona kikumbusho tu kwenye simu yake, chenye jina la kikao na saa, hana namna ya kuijua.

Kwa wewe uliyealikwa kwa hiari, nina ombi: jibu. Nimeona jinsi watu waungwana wanavyouacha mwaliko wa hiari bila jibu wakiona kukataa ni utovu wa adabu. Lakini Outlook inaushikilia muda huo kwenye kalenda yako kama usiothibitishwa bado (tentative) hata kabla hujagusa kitufe chochote, na mwenzako anayetafuta nafasi ya kuonana nawe anaona umebanwa. Ukikataa, muda wako unarudi na mwandalizi anajua asikusubiri. Jibu la "labda" liweke kwa pale ambapo kweli kuna jambo unalolisubiri, na mwambie mwandalizi lini utakuwa na jibu kamili.

Vikao vinavyojirudia kila wiki vinahitaji uangalizi wa peke yake. Mtu aliwekwa lazima wakati mradi unaanza, kazi yake ikaisha, na bado kalenda inamwita kila Jumanne kwa sababu hakuna aliyerudi kwenye orodha. Wakati huohuo kuna aliye wa hiari ambaye wiki hii peke yake anahitajika. Mifumo yote hii inakuruhusu kufungua kikao kimoja ndani ya mfululizo na kubadilisha nafasi ya mtu kwa siku hiyo tu bila kugusa siku nyingine. Ukimgeuza mtu kutoka hiari kwenda lazima kwa namna hiyo, usitegemee ataliona badiliko kwenye mwaliko uliosahihishwa, kwa sababu saa ni ileile na kichwa ni kilekile. Mpigie simu au mwandikie ujumbe mfupi: Jumanne hii tunakuhitaji, kwa kipengele hiki.