Je, Wajua Kwa Nini Patasi Mbili za Chuma Kimoja Hutoka na Ugumu Tofauti?

Patasi mbili zimekatwa kwenye ekseli moja kuukuu, zikafuliwa na fundi mmoja na kuzimwa katika pipa moja la maji. Moja inakata msumari, nyingine inapinda ncha. Wengi hulaumu chuma, lakini mara nyingi kosa liko kwenye moto na maji.

Ekseli nyingi ni za chuma cha kaboni ya kati, yaani kaboni asilimia 0.3 hadi 0.6. Chenye asilimia 0.45 kikipashwa hadi nyuzi 820 au 850 za Selsiasi, atomi zake hujipanga upya na kaboni husambaa ndani yake. Kikipoa polepole, kaboni hujitenga tena na chuma hurudi kuwa laini. Kikipozwa ghafla, kaboni hunaswa humohumo, na hapo ndipo ugumu unapozaliwa. Hali hiyo huitwa martensiti, kwa heshima ya Mjerumani Adolf Martens.

Kwa hiyo kwanza joto litoshe. Sumaku huacha kunasa chuma kwenye nyuzi 770 hivi. Chuma hiki kinahitaji kupita hapo kidogo. Ukizidisha sana, chembe hukua na patasi huvunjika kirahisi.

Kisha kasi ya kupoa. Chuma chekundu kikiingia majini hujivika tabaka la mvuke linalozuia maji kukigusa. Ukikiacha kimetulia, sehemu fulani hupoa taratibu na kubaki laini, ndiyo maana fundi makini hukitikisa muda wote. Magamba meusi ya kufulia nayo huzuia joto kutoka. Unene pia una lake: pande la milimita 50 huwa gumu milimita chache tu za juu, kwa kuwa moyo wake hauwahi kupoa haraka. Springi za lori ni habari nyingine: zina kaboni nyingi zaidi, na aghalabu kromiamu pia, hivyo huzimwa kwa mafuta. Kwa maji zinaweza kupasuka.

Baada ya kuzimwa, chuma cha kaboni 0.45 hufika 55 au zaidi kwenye kipimo cha ugumu kiitwacho Rockwell C, lakini hakifai kazi bado: kinakatika kirahisi mno. Ugumu unaoutaka hupatikana kwa kukipasha tena, safari hii kwa moto mdogo. Kwa nyuzi 200 hubaki juu ya 50. Kwa nyuzi 600 hushuka hadi 25 hivi. Fundi wa patasi huzima ncha tu, huisugua kwa jiwe mpaka ing'ae, kisha hutazama joto lililobaki mwilini likitambaa kuelekea ncha. Rangi hupita kwa zamu: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, buluu. Zambarau ikifika kwenye makali, karibu nyuzi 280, anazima tena papo hapo. Huo ni ustadi wa macho ninaouheshimu sana. Kichwa kinachopigwa nyundo huachwa laini, kwani kikiwa kigumu hurusha vipande.

Wakati mwingine patasi ni ngumu, ila kipimo ndicho kinachodanganya. Chuma kikikaa sana motoni, ngozi yake hupoteza kaboni ikabaki laini. Tupa ya kunolea itauma juu, na mashine ya Rockwell itasoma namba ndogo. Saga ngozi hiyo kwanza, mpaka ufikie chuma chenyewe, ndipo upime.