Kuoanisha Sanaa: Mtoto Anapochora Alichokisikia

Ukiwaambia watoto wachore huku muziki ukipigwa pembeni, bado hujaoanisha sanaa. Umewapa kazi mbili zinazokwenda sambamba bila kukutana. Kuoanisha ni kumsaidia mtoto agundue kwamba jambo lilelile analoliona kwenye karatasi anaweza pia kulisikia masikioni na kulihisi miguuni: mapigo, uzito, wepesi, marudio, kimya. Mstari uliokatika, wimbo uliositishwa ghafla na mchezaji aliyeganda katikati ya hatua vina jambo moja ndani yake. Mtoto akilitambua, ameshaelewa maana ya neno hili.

Lugha yetu inalijua hilo. Tunasema sauti nyembamba na sauti nzito, ilhali sauti haipimwi kwa rula wala kwa mizani. Tunasema nyeupe pe na nyeusi ti. Rangi hazina mlio, lakini jaribu kusema nyeupe ti uone sikio linavyokataa. Hata majina tusiyoyajua huyahukumu macho. Mwaka 1929 mwanasaikolojia Wolfgang Köhler aliandika kuhusu maumbo mawili, moja la mviringo na jingine lenye pembe kali, na maneno mawili yasiyo na maana: baluba na takete. Watu wengi hulipa la mviringo jina la baluba. Kwa hiyo mtoto haji darasani mtupu. Mwalimu anachofanya ni kumwonyesha kwamba hisia hiyo anayo tayari, kisha kumpa nafasi ya kuitumia akijua.

Hili lisichanganywe na sinesthesia, hali ya watu wachache ambao hisi moja huamsha nyingine bila wao kupenda, kama mtu kuona rangi kila asikiapo noti ya muziki. Kuoanisha sanaa hakuhitaji kipaji hicho.

Mwili ndio mahali pazuri pa kuanzia. Émile Jaques-Dalcroze, aliyefundisha muziki Geneva mwishoni mwa karne ya 19, aliona wanafunzi wake wanamudu nadharia lakini hawausikii ndani mwao muziki wanaouandika. Akawainua vitini, wakatembea kwa kufuata mapigo. Mchoraji Wassily Kandinsky alipita njia nyingine: mwaka 1926 alitumia picha alizopigwa mchezaji dansi Gret Palucca, akaondoa uso, nguo na kila kisichohitajika, ikabaki mistari michache ya mwendo wenyewe. Kwangu mimi, mistari ile inafundisha zaidi ya maelezo marefu.

Darasani huanza na ngoma. Naipiga polepole, watoto wanatembea. Naharakisha, nao wanaharakisha. Ngoma ikinyamaza, wanaganda. Kisha wanakaa na kuchora ile safari, na sharti ni moja: wasichore ngoma wala watu. Wapo wanaoweka nukta nzito zilizoachana, halafu ndogondogo zinazofuatana. Na pale ngoma iliponyamaza, kuna mtoto atakayeacha karatasi tupu. Nafasi ile tupu hunifurahisha kuliko kitu kingine chochote, maana mtoto ametambua kwamba kimya nacho kina urefu, na kinastahili mahali pake.

Hatua inayofuata ndiyo wengi huiruka, nami naiona kuwa kiini cha somo. Mchoro unapewa mtoto mwingine, ambaye hakuambiwa chochote, aupige makofi au aucheze. Mara nyingi mwenye mchoro hulalamika: “Hapana, hapo nilikwenda haraka!” Anautazama tena mchoro wake, anaona nukta alizitawanya mno, anazisogeza. Mwalimu hajasema neno. Sanaa moja imeisahihisha nyingine, na mtoto ameona kwa macho yake kwamba alama ya karatasini inabeba wakati.

Kosa ninaloliogopa ni kuwakaririsha watoto jedwali: furaha ni njano, huzuni ni bluu, sauti ya juu ni mstari wa juu. Uhusiano kama huo huwajia watu wengi, lakini hauna sheria. Mtoto akichora wimbo wa polepole kwa rangi nyekundu iliyokoza, swali linalofaa ni: umesikia nini? Huenda akasema ngoma ilikuwa nzito kama mtu aliyekasirika anayejizuia. Jibu hilo lina usikivu ambao jedwali lingeuzima.

Kwa walio wadogo sana, sifa moja kwa kipindi inatosha: leo nzito na nyepesi, siku nyingine haraka na polepole. Asiyeweza kutembea hutumia mikono, au kichwa tu. Asiyesikia huweka kiganja kwenye ngozi ya ngoma, na nukta zake huwa wazi kabisa, kwa sababu mapigo ameyapokea kwa ngozi moja kwa moja.