Nairobi Gallery: Yanayosemwa na Yaliyomo

Ukishuka Kenyatta Avenue hadi inapokutana na Uhuru Highway, ubavuni mwa Nyayo House, utaona jengo fupi la mawe: ndilo Nairobi Gallery. Asubuhi watu hulipita mbio wakiwahi foleni ya pasipoti. Kila mmoja ana la kusema kulihusu, ingawa walioingia ndani ni wachache.

"Hiyo ni ofisi ya serikali."
Ilikuwa. Jengo lilisimamishwa mwaka 1913, enzi za Mwingereza, na kwa miaka mingi likawa ofisi ya Mkuu wa Mkoa, ndiyo maana wazee bado huliita Old PC (PC ni Provincial Commissioner, yaani Mkuu wa Mkoa). Humo ndimo vizazi, ndoa na vifo vilimoandikishwa. Leo ni turathi ya taifa chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na vyumba vilivyokuwa vya makarani vimetundikwa kazi za sanaa. Nadhani kinachowatisha watu ni ujirani tu: Nyayo House ina historia chungu ya vyumba vya mateso vya miaka ya 1980, na hofu hiyo imevuka ua.

"Ni mahali pa watalii."
Kiingilio kipo, lakini mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni. Beba kitambulisho.

"Kuna vinyago vya kale tu."
Vya kale vipo, pamoja na vito na nguo kutoka pande nyingi za Afrika. Lakini aliyekusanya hazina hii, Joseph Murumbi, alipenda pia wasanii waliokuwa hai na wakifanya kazi wakati wake, kama Bruce Onobrakpeya wa Nigeria. Alikusanya hata stempu. Anayetarajia chumba chenye giza na barakoa zenye vumbi atashangaa.

"Jaramogi alipoondoka, Moi akawa makamu wa rais."
Hili nimelisikia hata kwa watu waliosoma historia, na ndilo linalofanya jina lililo ukutani mwa jumba hili liwe geni. Kati ya wawili hao alikuwepo Murumbi huyo huyo. Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu Aprili 1966. Murumbi akateuliwa Mei. Kabla ya mwaka kwisha naye akajiuzulu. Moi aliteuliwa Januari 1967.

Murumbi alizaliwa mwaka 1911, baba Mgoa, mama Mmasai, akasomeshwa India. Baada ya Kenyatta na wenzake kukamatwa, alikuwa kaimu katibu mkuu wa chama cha Kenya African Union (KAU), kisha akaishi uhamishoni London kwa miaka kadhaa. Huko ndiko alikoanza kukusanya vitabu na vitu vya Afrika, na mkewe Sheila akawa mshirika wake katika shughuli hiyo. Baada ya uhuru akawa waziri wa mambo ya nje. Alipoacha siasa hakukaa kulalamika: mapema miaka ya 1970, yeye, Sheila na Mmarekani Alan Donovan wakaanzisha African Heritage, jumba la Nairobi lililouza na kuonyesha sanaa ya bara zima.

"Mkusanyo huo uliletwa na Wazungu."
Kinyume chake, ungeweza kabisa kwenda kwao. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwepo, na Murumbi akachagua kuiuzia serikali ya Kenya ili vitu vibaki nyumbani. Kwangu mimi huo ni uamuzi mzito kuliko miezi yake michache ya umakamu, na haufundishwi popote.

Serikali haikulipa wema huo sawasawa. Nyumba yake ya Muthaiga, ambayo alitaka iwe kituo cha masomo ya Afrika, ilibomolewa. Murumbi alifariki mwaka 1990 na kuzikwa City Park, karibu na rafiki yake, mwanasiasa Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka 1965.

"Umbali wa barabara hupimwa kutoka KICC."
La, si kwenye jumba hilo la mikutano. Kituo sifuri cha Kenya, unapoanzia umbali huo, kiko hapa, kwenye jengo hili.

"Ukiona Gallery umemaliza Murumbi."
Hujamaliza. Sehemu kubwa ya mkusanyo wake iko katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, kwenye Moi Avenue. Jengo hilo nalo lilijengwa kwa kazi nyingine kabisa: mwaka 1906 lilikuwa benki, National Bank of India. Ghorofa ya chini imejaa vitu vya Murumbi, na katika maktaba yake mna maelfu ya vitabu adimu vilivyochapwa kabla ya 1900. Kila mkazi wa Nairobi amewahi kumwambia mtu "tukutane pale Archives", akasimama nje akiangalia saa. Rafiki akichelewa, mlango uko hapo hapo nyuma yako.