Wiki moja katika bonde la Langtang: maswali na majibu kuhusu ugonjwa wa mwinuko

Bonde la Langtang, nchini Nepal, liko kaskazini ya Kathmandu karibu na mpaka wa Tibet, na kwa kuwa linaweza kutembelewa kwa miguu ndani ya wiki moja, huwavutia sana wasafiri wenye likizo fupi. Ufupi huo ndio unaotutia wasiwasi sisi tunaofanya kazi katika kliniki za wasafiri. Maswali yaliyo hapa chini ni yale tunayoulizwa kabla ya safari, pamoja na machache ambayo tungependa yaulizwe mapema badala ya kuulizwa mtu akiwa amekwisha kuzidiwa.

Ugonjwa wa mwinuko ni nini?

Ni hali inayompata mtu anayepanda haraka kuliko mwili wake unavyoweza kuzoea upungufu wa oksijeni. Kadiri unavyopanda ndivyo kanieneo ya hewa inavyopungua, na katika kijiji cha Kyanjin Gompa, kilicho karibu mita 3,850 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi inakupa chini kidogo ya theluthi mbili ya oksijeni ambayo ungeipata ukiwa ufukweni Mombasa au Dar es Salaam. Dalili kuu ni kuumwa kichwa, pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu au uchovu uliopita kiasi, na kwa kawaida hujitokeza saa chache tu baada ya kufika juu. Msafiri anayeumwa kichwa akiwa juu ya mita 2,500 ahesabiwe kuwa ana ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo.

Kichwa kimeanza kuuma jioni nikiwa kijijini Langtang. Si nilale tu, kesho niendelee na safari?

Hapana. Ikiwa dalili ni nyepesi na kuna mtu wa kukuangalia usiku, unaweza kulala hapo ulipo, lakini hupandi zaidi mpaka dalili zote ziwe zimekwisha. Ukiamka na kichwa bado kinauma, unabaki palepale. Ukiamka na hali imezidi, unashuka asubuhi ileile. Na ikizidi usiku wa manane, unashuka usiku huohuo.

Jibu hili tunalirudia mara nyingi kuliko jingine lolote, kwa sababu wanaozidiwa, wakihojiwa baadaye, husema neno lilelile: "Nilidhani nikilala itaisha." Usingizi si tiba ya ugonjwa huu. Mtu akilala juu mlimani, upumuaji wake huwa wa kukatika-katika na oksijeni katika damu hushuka kuliko alipokuwa macho, hivyo aliyelala na dalili ambazo zilikuwa zinaongezeka anaweza kuamka akiwa mahututi.

Mimi ni kijana, nafanya mazoezi, na nilishafika kilele cha Uhuru bila tatizo. Bado nihofu?

Ndiyo. Mazoezi huipa miguu nguvu, hayaufundishi mwili kuishi na oksijeni kidogo, na mara nyingi mwenye nguvu ndiye anayeumia kwa sababu anapanda haraka na anaona haya kuwaambia wenzake kwamba anaumwa. Kuwahi kufika mita 5,895 za Kilimanjaro ni dalili njema kiasi, lakini si kinga: mazoea ambayo mwili ulijenga kule hupotea ndani ya wiki chache baada ya kurudi chini, na mtu yuleyule aliyepanda salama mwaka jana anaweza kuugua mwaka huu akiongeza mwendo. Tafadhali, usiyatumie mazoezi yako kama hoja ya kukaidi maumivu ya kichwa.

Huenda ni malaria. Nimebeba dawa mseto; si nianze kumeza?

Kwa mtu aliyetoka Afrika Mashariki majuzi swali hili lina msingi, kwa kuwa vimelea huweza kusafiri naye katika damu, na kichwa, uchovu na kutapika ni dalili ambazo tumezizoea nyumbani kuwa za malaria. Tatizo ni kwamba mazoea hayo yanaua muda. Mtu anameza dozi ya kwanza, anajifunika blanketi, anasubiri dawa ifanye kazi, na wakati huo mapafu au ubongo wake unazidi kujaa maji. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida hauleti homa kali, kwa hiyo homa kali ni sababu ya kupimwa malaria, lakini upimaji huo ufanyike ukiwa umekwisha kushuka. Kushuka hakumdhuru mwenye malaria hata kidogo. Kubaki juu kunaweza kumuua mwenye ugonjwa wa mwinuko. Basi shuka kwanza, upimwe huko chini.

Nitajuaje kwamba hali imekuwa ya hatari?

Hatari ziko mbili. Ya kwanza ni maji kujaa kwenye mapafu, ambayo mara nyingi hutokea usiku wa pili mahali papya: mgonjwa anahema akiwa ameketi tu, hawezi kulala chali, anakohoa kikohozi kikavu ambacho baadaye huleta makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Ya pili ni ubongo kuvimba: mgonjwa anachanganyikiwa, anajibu maneno yasiyoendana na swali, anahangaika na kamba za viatu kana kwamba hajawahi kuzifunga. Mwambie atembee juu ya ubao mmoja wa sakafu, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu mwingine, huku umesimama karibu ili umdake. Akiyumba au akilazimika kutanua miguu ili asianguke, kipimo kimetosha, na hakuna haja ya kurudia ili kumpa nafasi ya kufanya vizuri zaidi.

Vitabu vingi huelekeza kutazama kama midomo imekuwa ya bluu. Kwa ngozi nyeusi hilo halionekani kirahisi. Pindua mdomo wa chini utazame ndani, tazama ulimi na nyama iliyo chini ya kucha. Vilevile kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni huweza kutoa namba kubwa kuliko hali halisi kwa watu wenye ngozi nyeusi, na vidole vya baridi huvuruga kipimo, kwa hiyo namba nzuri isikuzuie kuamini macho yako.

Hali ikifikia hapo, tufanye nini?

Mshusheni. Mshusheni sasa, si baada ya chai, wala si baada ya kushauriana na kikundi kizima kuhusu ratiba. Lengo ni kushuka angalau mita 300 hadi 1,000, na kuendelea kushuka mpaka apate nafuu. Kutoka Kyanjin Gompa hadi Lama Hotel, kituo cha malazi kilicho chini zaidi bondeni, ni zaidi ya mita 1,300 za kuteremka, tofauti inayotosha kuokoa maisha. Asishuke peke yake, asibebe mzigo, na asiyeweza kutembea abebwe. Kama kuna oksijeni, au dawa ambazo daktari alikuandikia kwa dharura, zitumike mkiwa njiani au mkisubiri uokoaji, zisiwe sababu ya kuahirisha safari ya kushuka.

Wengi hujibu kwamba wana bima ya helikopta. Ni vema kuwa nayo, na hakikisha imeandikwa wazi kuwa inagharimia uokoaji katika mwinuko mtakaofika, lakini helikopta haiji kwenye ukungu wala usiku wa giza katika bonde jembamba kama lile. Huduma za madaktari wa mwinuko zinazojulikana sana, zile za chama cha uokoaji cha Himalayan Rescue Association kilichoanzishwa mwaka 1973, ziko Pheriche na Manang, ambayo ni mabonde mengine kabisa.

Nipangeje siku zangu saba?

Zihesabu bila siku mbili za barabara, maana gari kutoka Kathmandu hadi Syabrubesi huchukua sehemu kubwa ya siku. Syabrubesi, mahali matembezi yanapoanzia, iko karibu mita 1,500, na ratiba iliyozoeleka humfikisha msafiri Lama Hotel, karibu mita 2,400, usiku wa kwanza, kisha Langtang kwenye mita 3,430 usiku wa pili. Hapo ndipo kosa lilipo: ni kupanda zaidi ya mita 1,000 kati ya malazi mawili, ilhali kanuni inayokubalika ni kwamba ukishafika karibu mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 za mahali pa kulala kwa siku, na upumzike siku nzima kila baada ya siku tatu au nne.

Ratiba tunayoipendekeza ni kulala Lama Hotel, siku ya pili kuishia Ghoda Tabela, karibu mita 3,000, ingawa utafika mapema na miguu itakuwa bado inataka kutembea, siku ya tatu Langtang, siku ya nne Kyanjin Gompa, kisha kubaki Kyanjin siku ya tano, ukitembea kidogo kuelekea juu na kurudi kulala palepale, na kushuka kwa siku mbili. Kilima cha Tserko Ri, kilicho juu ya Kyanjin na chenye karibu mita 5,000, kiachwe na yeyote ambaye siku hiyo hajisikii mzima kabisa. Kama siku saba zako zinajumuisha zile za barabara, ishia kijijini Langtang, ugeuke hapo na uridhike, kwa sababu siku ya mapumziko ndiyo ya kwanza kufutwa watu wanapobanwa na tarehe ya ndege.

Ng'ambo ya milima hiyohiyo liko ziwa takatifu la Gosainkunda, kwenye mita 4,380, ambako mahujaji wa Kihindu hupanda kwa haraka kila mwaka wakati wa sikukuu ya Janai Purnima. Madaktari waliowapima huko walikuta zaidi ya nusu wana ugonjwa wa mwinuko. Hao ni wenyeji wa Nepal, ila wengi wao wanaishi nyanda za chini. Uraia haumkingi mtu, na wapagazi wenu nao waulizwe hali zao kila jioni.

Je, kuna dawa ya kuzuia?

Ipo, asetazolamaidi, inayojulikana zaidi kwa jina la Diamox. Kwa mtu mzima hutumika miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, baada ya kuonana na daktari, hasa ukiwa na mzio wa dawa za salfa. Vidole vitawasha kwa vichomi na utakojoa mara kwa mara. Hayo si madhara ya kutisha. Dawa hii husaidia mwili kuzoea, haikupi ruhusa ya kukimbilia juu.

Supu ya kitunguu saumu inayosifiwa katika nyumba za wageni za Nepal ni chakula kizuri, wala si tiba. Dawa za usingizi na pombe ziepukwe kabisa, kwani hupunguza upumuaji usiku. Parasetamoli kwa ajili ya kichwa inaruhusiwa, lakini kupata nafuu kwa kidonge si kibali cha kupanda.

Nani asiende kabisa bila kumwona mtaalamu?

Mwenye selimundu asipande mwinuko huu, kwa sababu upungufu wa oksijeni unaweza kuamsha maumivu makali na kuharibu viungo. Aliyerithi kinasaba kimoja tu, ambaye nyumbani hana dalili yoyote, anaweza kupata madhara ya bandama akiwa juu. Maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu kwake ni amri ya kushuka na kufika hospitali. Hali hii ni ya kawaida kwetu Afrika Mashariki, na wengi hawajawahi kupimwa, basi pimeni kabla ya kulipia safari. Wajawazito na wenye maradhi ya moyo au mapafu nao waonane na daktari mapema. Anayetoka katika nchi yenye hatari ya homa ya manjano abebe cheti cha chanjo.

Nilishuka, nikapona. Naweza kupanda tena?

Kama ilikuwa kichwa na kichefuchefu tu, na umekaa bila dalili yoyote na bila dawa ya maumivu kwa siku nzima, unaweza kupanda taratibu zaidi kuliko mwanzo, mradi siku zinatosha. Kama ulihema ukiwa umeketi, ulichanganyikiwa au uliyumba kwenye ule ubao, safari hii imekwisha: endelea kushuka hadi Kathmandu, ukapimwe mapafu na kuonana na daktari kabla ya kupanda ndege, hata kama unajisikia mzima.