Kolesteatoma ya mtoto: uwezekano wa kurudi hukadiriwaje?

Kolesteatoma si saratani, ingawa inakula mfupa. Ni ngozi iliyoota isipotakiwa: ndani ya sikio la kati, nyuma ya kiwambo cha sikio. Ngozi popote ilipo hupukutisha seli zilizokufa, na humo ndani taka hizo hazina pa kutokea. Kifuko kinajaa, kinatanuka, kinatoa usaha unaonuka na kumomonyoa vifupa vya kusikia, kile kiitwacho fuawe mara nyingi kikitangulia. Dawa za matone hukausha usaha tu. Kifuko chenyewe kinatolewa kwa upasuaji.

Baada ya hapo mzazi huuliza kama itarudi. Daktari hawezi kuapa, ila anaweza kukadiria, na makadirio yake yanahusu mambo mawili yasiyofanana.

La kwanza ni mabaki. Kipande cha ngozi kidogo sana kikisazwa, hukua taratibu kikawa kama lulu nyeupe, mara nyingi nyuma ya kiwambo kizima kabisa, kwa hiyo kuchungulia sikioni hakutoshi. La pili ni ugonjwa mpya. Mrija unaoingiza hewa sikioni kutoka nyuma ya pua ukizembea, kiwambo huvutwa ndani, hufanya mfuko, mfuko ukanasa ngozi, na mambo yakaanza upya hata kama mpasuaji hakuacha chochote.

Ndiyo maana dalili za kukadiria nazo ni za aina mbili. Kwa mabaki, kinachotazamwa ni ugonjwa ulifika wapi. Ukiwa umezunguka kifupa cha kusikia kiitwacho kikuku, mpasuaji anaukwangua kwa woga, maana kifupa hicho kimekaa kwenye mlango wa sikio la ndani na kosa dogo linaweza kumwacha mtoto kiziwi wa sikio hilo. Nyuma ya kikuku kuna kishimo ambacho darubini ya kawaida haikifikii vizuri. Kamera nyembamba ya endoskopi imesaidia sana hapo. Vifupa vilivyolika pia ni ishara kwamba ugonjwa ulikuwa umeenea. Kwa ugonjwa mpya, kinachopimwa ni hewa: mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka au mwenye hali ya Down ana mrija dhaifu, na hatari yake ni kubwa zaidi. Watoto kwa jumla wako pabaya kuliko watu wazima, kwa kuwa mrija wao ni mfupi, umelala, na mafua hayawaishi.

Aina ya upasuaji nayo ina uzito. Ukuta wa nyuma wa njia ya sikio ukiachwa, sikio hubaki na umbo lake, lakini ugonjwa hurudi mara nyingi zaidi kuliko ukuta ukiondolewa. Ukiondolewa, linabaki shimo la kusafishwa kliniki mara kwa mara, pengine maisha yote. Kwa mtoto, madaktari wengi hujaribu kwanza kuuacha.

Kuhusu asilimia, mimi huziamini pale tu zinapotajwa pamoja na muda. Mtoto aliyepasuliwa mwaka jana hawezi kuhesabiwa kuwa amepona sawa na aliyefuatiliwa miaka 10, kwani ugonjwa unaweza kuibuka baada ya miaka mingi. Watafiti makini hutumia hesabu inayompa kila mtoto uzito kwa muda aliofuatiliwa, na aghalabu jibu lake huwa juu kuliko kugawanya waliorudiwa kwa jumla ya wote.

Makadirio hayo ndiyo yanayoamua ratiba. Mwenye hatari kubwa anaweza kufunguliwa tena ndani ya mwaka hivi ili kukaguliwa. Mwingine atatosheka na MRI, yaani picha ya mashine ya sumaku, ya aina maalumu, ambayo hata hivyo hukosa lulu zisizofika milimita 2 au 3, hivyo hurudiwa baadaye. Ripoti ya upasuaji itunzwe. Familia ikihamia hospitali nyingine, hapo ndipo daktari mpya atakaposoma kama kikuku kilikuwepo na kama kile kishimo cha nyuma yake kilikaguliwa.