Je, wajua? Kwa nini anime ya Frieren inaanza hadithi ikiwa imeshaisha

Watu wanne wamepanda mkokoteni wa farasi, wanarudi mjini. Wametoka kumuua Mfalme wa Mashetani baada ya safari ya miaka 10, na huko waendako wanasubiriwa kwa shangwe. Katika ngano tulizokua nazo, hapo ndipo bibi angemalizia na "wakaishi raha mustarehe", kisha akatufukuza tukalale. Anime ya Frieren (anime ni katuni za Kijapani) inaanzia hapo. Vita vyenyewe hatuonyeshwi. Sherehe inapita haraka, shujaa anazeeka, anakufa, anazikwa, na yote hayo ni epizodi ya kwanza tu.

Mtu akikusimulia hivyo utasema hakuna kilichobaki cha kutazama. Lakini waliokaa nayo hadi epizodi ya 28 ni wengi mno, na wengine si watu wa anime kabisa. Je, imewezaje?

Kwanza asili yake. Kanehito Yamada aliiandika na Tsukasa Abe akaichora kama manga (hadithi za vibonzo za Kijapani, si ile ya pilipili), ikaanza kutoka Aprili 2020 katika jarida la Weekly Shōnen Sunday la Japani. Mwaka 2021 ikapata tuzo ya Manga Taishō. Studio ya Madhouse, chini ya mwongozaji Keiichirō Saitō, ikaifanya anime, na msimu wa kwanza ukaonyeshwa kuanzia Septemba 29, 2023 hadi Machi 22, 2024. Epizodi nne za mwanzo zilirushwa usiku mmoja, kwa mfululizo, katika kipindi cha televisheni ambacho kwa kawaida huonyesha filamu. Nadhani walijua wanachofanya: ukiitazama epizodi moja ukaacha, unaweza kudhani umetazama msiba tu.

Kuanzia hapa nitafichua mambo ya nusu ya kwanza, kwa hiyo asiyependa kuharibiwa utamu akaitazame kwanza.

Frieren ni mchawi, ila si wa kwetu wa kuruka na ungo. Ni elfi, wale viumbe wa ngano za Ulaya wenye masikio marefu wasiozeeka upesi. Ukibadilisha herufi ya mwisho ya neno hilo unapata umri wake, kwa sababu ameishi zaidi ya miaka elfu. Usiku wa ushindi, yeye na wenzake watatu wanatazama mvua ya vimondo ambayo huonekana mara moja kila miaka 50. Anawaambia: mara ijayo nitawapeleka mahali inapoonekana vizuri zaidi. Anasema kama mtu anayeahidi kupita kesho kutwa. Wenzake wanatazamana na kutabasamu.

Piga hesabu. Miaka 10 kwa aliyeishi 1,000 ni sehemu moja ya mia. Kwa binadamu wa miaka 70, hiyo ni kama miezi minane. Safari iliyokula ujana wote wa shujaa Himmel, kwa Frieren ilikuwa kama kibarua cha muda. Anaondoka zake kukusanya vitabu vya uchawi, na anaporudi baada ya miaka 50 hakuja kumtazama rafiki. Amekuja kuchukua pembe ya joka aliyomwachia. Himmel, sasa kikongwe mfupi mwenye upara na ndevu nyeupe, amemtunzia pembe ile kabatini miaka yote hiyo. Wanakwenda kuvitazama vimondo kama ilivyoahidiwa. Baada ya hapo Himmel anafariki.

Mazishini watu wananong'ona kwamba yule elfi hata chozi hana. Ndipo anapolia, kwa sababu amegundua kwamba alitembea miaka 10 na mtu huyu na hamjui. Alijua binadamu wanaishi muda mfupi. Hakufikiri kwamba muda huo unamhusu yeye.

Hadithi yote iliyobaki inatoka kwenye chozi hilo, na jina lenyewe linalibeba. Kwa Kijapani inaitwa *Sōsō no Frieren*, na *sōsō* ni kuisindikiza maiti hadi kaburini. Mashetani ndio waliomwita hivyo, kwa kuwa hakuna mchawi aliyewazika wengi kama yeye. Lakini sisi tunamwona akiwasindikiza marafiki. Kiswahili kina bahati na neno hili: tunamsindikiza mgeni hadi njia panda, na tunalisindikiza jeneza. Mgeni husindikizwa na mtu asiyetaka kumwacha haraka, na anime hii imetengenezwa kwa tabia hiyohiyo.

Angalia inavyohesabu muda. Mara kwa mara maandishi yanatokea kwenye skrini: miaka kadhaa tangu kifo cha shujaa Himmel. Ni sawa na wazee wetu wanaotaja mwaka kwa njaa fulani, kwa mafuriko, kwa uhuru. Kalenda ya Frieren inaanzia kwenye kaburi. Mtazamaji naye, bila kuambiwa, anajikuta akipima kila kitu kutoka hapo.

Muda huo pia ndio unaopigana. Shetani mmoja, Qual, alibuni uchawi wa kuua ambao hakuna ngao wala dirii iliyouzuia, hadi Himmel na wenzake wakashindwa kumwua na ikabidi wamfungie ndani ya jiwe. Miaka 80 baadaye Frieren anarudi na mwanafunzi wake Fern, binti mdogo aliyelelewa na kasisi Heiter, mmoja wa wale wanne wa mwanzo, kwenda kumfungua na kummaliza. Qual anatoka na kufyatua uchawi wake wa kutisha. Fern anauzuia. Katika ile miaka 80 binadamu waliuchambua ule uchawi, wakabuni kinga yake, kisha wakaanza kuutumia wenyewe, na siku hizi unafundishwa kama uchawi wa kawaida wa kushambulia. Kilichowashinda mashujaa kimekuwa somo la mwanzo. Hakuna aliyepiga kelele wala kufunuliwa nguvu za siri; historia tu ilisonga wakati mmoja amefungiwa. Sijakumbuka pambano jingine la anime lililonifanya nifikirie mitaala ya shule.

Hata pambano linalotajwa zaidi, la Frieren na shetani Aura, halimalizwi na mapigo. Aura ana mizani ya kupimia nguvu za uchawi: mwenye nyingi humtawala mwenzake. Ana miaka 500 ya nguvu, na Frieren anaonekana dhaifu. Kumbe Frieren amekuwa akizificha nguvu zake kwa zaidi ya miaka elfu, kwa subira, kama mtu anayevaa kanzu moja iliyochakaa ili majirani wasijue ana akiba. Mizani inalala upande wake, basi.

Sasa macho. Watu husema anime hii ni nzuri kwa kuwa imechorwa vizuri, jambo ambalo halielezi kitu. Tuanze na mashine. Picha inayotembea ina fremu 24 kwa sekunde. Kipande cha dakika 22 kina fremu 31,680, na hakuna studio ya televisheni inayoweza kuchora zote kwa ratiba ya kila wiki. Tangu mchoraji Osamu Tezuka alipoanza kurusha katuni yake ya televisheni, Tetsuwan Atomu, Januari 1, 1963, katuni za Japani zimeishi kwa kubana: mchoro mmoja unashikiliwa kwa fremu mbili au tatu, mandhari inatulia, midomo pekee inacheza. Madhouse yenyewe ilianzishwa mwaka 1972 na watu waliotoka katika studio ya Tezuka, kwa hiyo ubahili huu ni urithi wa ukoo.

Kwa sababu ya ubahili huo, ladha ya anime inategemea sana ni wapi michoro inatumika kwa ukarimu. Nyingi huihifadhi kwa ngumi na milipuko. Frieren inaitoa hata pale usipotarajia: nywele zinazopeperuka mtu akiwa amesimama tu, pindo la joho kwenye ngazi, vidole vinavyofungua kitabu. Katika epizodi ya 15, Fern na Stark, kijana wa shoka aliyejiunga nao, wanacheza dansi ukumbini, na ule mzunguko wa gauni umepewa heshima ambayo kwingine angepewa joka. Dansi hiyo haisogezi kisa hata hatua moja. Lakini ukishaiona, unajua kuhusu wale wawili jambo ambalo wenyewe hawajaambiana.

Nyuso, kwa upande mwingine, zimefanyiwa uchoyo. Frieren karibu hana mabadiliko usoni. Abe alimchora hivyo kwenye manga na anime ikamwacha hivyohivyo. Kwa hiyo jicho likishuka kidogo tu, mtazamaji anashtuka. Ni kama kuishi na baba asiyesema sana: unajifunza kusoma namna anavyoweka kikombe mezani. Na kumbukumbu za Himmel mara nyingi huingia bila hodi. Frieren anapita mbele ya sanamu, ghafla tuko miaka 80 nyuma, sekunde chache, kisha tumerudi. Ndivyo kumkumbuka marehemu kulivyo. Hakuna anayekutumia taarifa.

Sanamu hizo ni mfano mzuri wa picha na kisa kushikana mikono. Himmel alipenda kuchongwa, akawasumbua mafundi kwa kuchagua pozi, na mwanzoni tunacheka majivuno yake. Baadaye anaulizwa kwa nini, na moja ya majibu yake ni kwamba anataka Frieren asiwe peke yake siku zijazo. Kuanzia hapo kila sanamu iliyoota ukungu kwenye kijiji cha mbali inabadilika mbele ya macho yako, ingawa mchoro ni uleule.

Majina nayo yamejaa vidokezo kwa anayejua Kijerumani. Frieren ni kuona baridi au kuganda. Heiter ni mchangamfu, Eisen (yule wa nne kati ya wale wa mkokoteni) ni chuma, Fern ni mbali, Stark ni mwenye nguvu. Himmel ni mbingu, kwa maana zote mbili ambazo hata Kiswahili kinazijua: ile iliyo juu ya vichwa vyetu na ile wanakokwenda wafu. Na safari mpya ya Frieren inaelekea kaskazini, mahali paitwapo Ende, yaani mwisho, ambako inasemekana mtu anaweza kuzungumza na roho za waliokufa. Kwa hiyo kila wachoraji wanapotupa anga pana juu ya barabara, na wanafanya hivyo mara nyingi, jina lake liko pale.

Muziki ni wa Evan Call, Mmarekani, wenye harufu ya ngoma za kale za Ulaya. Nausifu zaidi kwa kujua kunyamaza.

Si kwamba haina udhaifu. Kuanzia epizodi ya 18 wanaingia kwenye mtihani wa wachawi wa daraja la kwanza, wahusika wapya wanamiminika, na kwa muda inafanana na anime nyingine za mashindano. Mapigano ni maridadi, lakini ile saa kubwa iliyokuwa ikigonga nyuma ya kila kitu inasikika kwa mbali. Nilijikuta nikitaka warudi barabarani, wakanunue mkate, Frieren alale hadi mchana, aingie tena kichwa kizima kwenye sanduku linalong'ata akitumaini kuna kitabu.

Ukitaka kipande kimoja cha kujaribia, chukua epizodi ya nne. Wako pwani, na wenyeji hukesha kulitazama jua la kwanza la mwaka mpya. Zamani wenzake walikwenda, Frieren akabaki kitandani. Safari hii anajikokota kuamka, kwa kuwa Himmel alikuwa na hakika angefurahi. Jua linachomoza. Ni jua tu, anawaza, halina hata sababu ya kukatiza usingizi. Kisha anageuka, na picha inageuka naye, ikaliacha jua lote na bahari yake, ikatua kwenye uso wa Fern anayetabasamu.