Tumbo la Uzazi Mikononi mwa Dola

Katika riwaya za distopia, yaani hadithi za jamii iliyooza hadi ikatisha, mtawala anayetaka kummiliki mtu mzima mzima mara nyingi huanzia kwenye uzazi.

Mwaka 1976 Adrienne Rich, mshairi na mwanafeministi wa Marekani, alitenganisha mambo mawili tuliyozoea kuyaita kwa jina moja. Upo umama anaouishi mwanamke mwenyewe, pamoja na mapenzi yake, uchovu wake, na hasira zake pia. Upo na umama kama taasisi: kanuni za wengine kuhusu nani azae, lini, na kwa faida ya nani. Distopia huukuza huu wa pili mpaka ukaumeza ule wa kwanza.

Mfano mzito zaidi ni The Handmaid's Tale ya Margaret Atwood wa Kanada, iliyotoka mwaka 1985. Katika nchi ya Gilead, wanawake wachache wanaoweza kuzaa hugawiwa wakubwa. Mtoto akizaliwa huhesabiwa wa mke wa mkubwa. Uzazi unatukuzwa kwa sala na sherehe, na mzazi ananyang'anywa mwanawe. Hata jina lake hana, huitwa kwa jina la bwana wa nyumba. Atwood amesema hakuingiza humo jambo ambalo binadamu hawajapata kulitenda. Romania chini ya mtawala wake Ceaușescu, kwa mfano, ilizuia utoaji mimba mwaka 1966 ili kuongeza watu, na amri hiyo ikadumu hadi Desemba 1989. Maelfu ya wanawake walikufa kwa kutoa mimba kisirisiri.

Mwandishi Mwingereza Aldous Huxley, katika riwaya yake Brave New World ya mwaka 1932, alikwenda upande mwingine: watoto hukuzwa chupani, na neno "mama" ni matusi. Shulamith Firestone, mwanafeministi, aliandika mwaka 1970 kwamba uzazi wa nje ya mwili ungeweza kumkomboa mwanamke. Kwa Huxley, hata hivyo, chupa ni za dola, na mwanamke haulizwi kitu.

Mimi humrudia zaidi O-90, mwanamke aitwaye kwa namba katika riwaya ya We ya Mrusi Yevgeny Zamyatin, iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1924. Amekatazwa kuzaa kwa kuwa kimo chake ni pungufu kwa sentimita kumi ya kile dola inachotaka kwa mama. Anabeba mimba hivyo hivyo, akijua adhabu ni kifo. Wapo wanaolalamika, na wana hoja, kwamba Zamyatin amempunguza akabaki tumbo tu. Lakini tumbo hilo ameliamulia mwenyewe. Mwishowe anavushwa ng'ambo ya ukuta unaoizunguka dola hiyo, na msimuliaji, baba wa mtoto, anabaki ndani.